Ukuta, Kifinyango na Ngoma: Sanaa ya Hadhara katika Kufundisha Afya ya Mwili na Akili

Imekuwa desturi katika shule nyingi za msingi za Korogwe na Handeni, kama ilivyo mahali pengine nchini, kupamba kuta za madarasa kwa michoro. Ramani ya Tanzania ipo, jedwali la kuzidisha lipo, na mara nyingi ipo pia picha ya mwili wa binadamu uliofunuliwa kifua na tumbo ili moyo, mapafu, ini na utumbo vionekane, kila kimoja na jina lake. Michoro hiyo ina faida na sina nia ya kuibeza. Lakini yule mwanadamu wa ukutani ana kasoro moja kubwa: hana hofu, hana huzuni, hajafiwa, hadaiwi, wala hana jirani. Ni mwili mtupu. Tena, kwa kuwa amechorwa ndani ya darasa, huonwa na watoto peke yao. Ilhali wanaoamua mtoto anayeungua homa apelekwe wapi usiku ule ni bibi yake, baba yake na jirani mwenye baiskeli, watu ambao hawaingii darasani.

Hoja ninayoitetea katika makala hii ni kwamba sanaa ya hadhara, yaani michoro ya kuta za nje, vifinyango, nyimbo, ngoma na michezo ya kuigiza inayofanyika mahali pa watu wote, ni mbinu kamili ya kufundishia. Kwamba inafaa kuliko mbinu nyingine tulizo nazo kwa kufundisha uhusiano wa mwili na akili. Na kwamba mwalimu wa shule ya msingi ndiye mtu wa kwanza kijijini anayeweza kuiongoza. Wapo wakufunzi wenzangu wasiokubaliana nami. Wao husema kwamba afya ni kazi ya tabibu wa zahanati, na sanaa ni kazi ya saa za jioni baada ya masomo ya kweli kwisha. Nitajaribu kuwajibu.

Lugha yetu yenyewe haijapata kuutenga mwili na moyo. Aliyekata tamaa amekufa moyo. Mwenye wasiwasi ana tumbo joto. Anayengojea habari mbaya, roho yake iko juu. Aliyeelemewa na mambo husema kichwa kimejaa. Katika vijiji vyetu neno mawazo limekuwa jina la ugonjwa kamili: fulani ana mawazo, hapati usingizi, chakula hakipiti, kifua kinambana. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini mwaka 1946, ilipoeleza kwamba afya ni hali njema kamili ya mwili, ya akili na ya maisha katika jamii, wala si kukosekana kwa ugonjwa au udhaifu tu, ilisema jambo ambalo msemaji wa kawaida wa Kiswahili asingelishangaa. Ajabu ni kwamba shule ndiyo iliyolisahau. Mwili tumeukabidhi kwa somo la sayansi, roho kwa kipindi cha dini, na akili tumeiachia hisabati.

Madhara ya usahaulifu huo si ya kinadharia. Chukua degedege. Mtoto mdogo hushikwa na homa kali. Ghafla macho yanageuka, viungo vinakakamaa na kutetemeka. Tabibu akiona hivyo hufikiri mara moja juu ya malaria kali, au homa nyingine iliyopanda upesi, na kwake kila saa ina thamani. Bibi wa mtoto huona kitu kingine. Jina la ugonjwa lenyewe linamkumbusha ndege, na imani iliyoenea katika sehemu nyingi za Tanzania ni kwamba kiumbe fulani arukaye usiku, ndege au nondo mkubwa, amempitia mtoto. Basi huo si ugonjwa wa hospitali. Watafiti walioichunguza imani hiyo nchini wameandika pia juu ya hofu inayofuatana nayo, kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Na juu ya tiba ya kumfukiza mtoto kwa moshi, hata wa kinyesi cha tembo, kabla ya kufikiria zahanati.

Wanachuo wengi wakisikia maelezo haya hucheka. Nawasihi wasicheke. Bibi huyo hafikiri kipumbavu. Huenda amewahi kumwona mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa amechelewa mno, akachomwa sindano, na usiku ule ule akafariki. Alichokiona kilitokea kweli. Alichokosea ni kuunganisha sindano na kifo badala ya kuunganisha kuchelewa na kifo. Hotuba haiwezi kulifungua fundo la namna hiyo, kwa sababu hotuba humwambia kwamba hakuona alichokiona. Kinachohitajika ni namna ya kulionyesha tukio lile tena, polepole, likiwa na saa zake zote, ili yeye mwenyewe aone ni wapi njia iligawanyika. Mchezo wa kuigiza hufanya hivyo. Na mchoro wenye hatua hufanya hivyo.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo tunao madarasani mwetu kila juma. Mtoto hulalamika tumbo kila siku ya jaribio, na jaribio likipita tumbo hupona. Katika degedege ugonjwa wa mwili umevishwa nguo za pepo. Hapa shida ya moyo imevaa nguo za mwili. Mwalimu mwenye haraka humwita mtoto huyo mvivu na kushika fimbo. Mwalimu mwenye huruma lakini asiye na elimu ya kutosha humpa dawa ya minyoo, akaona wajibu wake umekwisha. Minyoo ipo katika wilaya zetu, na ni lazima ifikiriwe kwanza. Lakini tumbo la hofu nalo lipo, linauma kweli, wala mtoto haigizi. Misuli ya tumbo hukaza, usagaji wa chakula hubadilika, moyo hupiga mbio. Yeyote aliyewahi kusubiri kuitwa katika chumba cha usaili anajua.

Kati ya mifano hiyo miwili kimesimama kifafa, nacho ndicho ninachokiona kuwa cha kuanzia. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na wengi wao wanaishi katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati kama yetu. Ni ugonjwa wa ubongo, yaani wa mwili. Lakini jinsi unavyotazamwa na watu huweza kumvunja mgonjwa moyo kuliko kule kuanguka kwenyewe. Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwe aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge karibu na mwaka 1960, ameeleza jinsi wagonjwa walivyotengwa kwa kuogopwa kwamba mate yao na povu lao huambukiza, na jinsi walivyopata makovu ya moto kwa sababu walipoangukia mekoni hapakuwa na mtu wa kuwavuta. Mahenge ni mbali na Handeni, lakini hofu ya povu haijui mipaka ya mikoa. Mtoto mwenye kifafa huondolewa shuleni, pengine kwa nia njema ya kumhifadhi, akakua bila kusoma wala kucheza. Na baada ya miaka michache watu husema kwamba kifafa kimemharibu akili. Swali la nani amemharibu akili huyo mtoto ni swali linalostahili kuulizwa hadharani, mbele ya kijiji kizima, nami sioni mahali pengine pa kuuliza isipokuwa katika uwanja wa mchezo.

Hapo mtu ataniambia kwamba kufundisha afya kwa sanaa ni jambo la wageni. Sivyo. Hans Cory, mtu wa asili ya Austria aliyekuwa mchunguzi wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1944 makala juu ya vifinyango vilivyotumika katika jando na unyago wa Wanguu na makabila mengine; na mwaka 1956 alitoa kitabu kizima juu ya vifinyango vya namna hiyo. Wanguu ni ndugu wa karibu wa Wazigua, na milima yao ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni kabla Kilindi haijawa wilaya ya peke yake mwaka 2002. Kwa hiyo si hadithi ya mbali. Ni hapa kwetu.

Nataka wanachuo waitazame mbinu ile kwa jicho la mwalimu. Mfundishaji wa jando hakuanza kwa kuhutubia. Aliweka mbele ya wari kitu kilichofinyangwa kwa udongo, mtu, mnyama au chombo cha nyumbani, akaimba wimbo mfupi wenye maneno ya fumbo, na wari wakaitikia. Maana haikuwa wazi. Maana ilifunuliwa baadaye, ikahusu mwili na tabia kwa pamoja: namna ya kujihifadhi, namna ya kuishi na mume au mke, heshima kwa wazee, hatari ya uzinzi, ulezi wa mtoto. Kitu cha kutazama, kitu cha kuimba, fumbo la kushughulisha fikira, kisha ufafanuzi: hatua hizo nne zingetosha kuwa andalio la somo zuri kuliko maandalio mengi ninayoyasahihisha. Wala hapakuwa na somo la mwili peke yake na jingine la adabu peke yake. Tena vifinyango vingi vilikuwa vya udongo usiochomwa, havikukusudiwa kudumu. Kundi lililofuata lilifinyangiwa vyake.

Neno moja la tahadhari. Mambo ya jandoni na unyagoni yalikuwa ya siri, na katika baadhi ya familia yangali hivyo. Sisemi hata kidogo kwamba mwanachuo aende akavichore vifinyango vile kwenye ukuta wa ghala la kijiji. Huo ungekuwa utovu wa adabu, nao ungemfungia milango ya wazee siku hiyo hiyo. Ninachotaka achukue ni mpangilio wa somo, si vitu vyenyewe.

Mfano wa pili ni wa taifa zima. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwafikia watu wapatao milioni mbili katika makundi ya kusikiliza redio. Watu walikusanyika, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wengi wetu tuliozaliwa baadaye tumesimuliwa na wazazi wetu. Nguvu ya kampeni ile, kwa maoni yangu, haikuwa redio. Redio ilikuwa njia tu. Nguvu ilikuwa katika kundi lililokaa chini ya mwembe na kuamua kwa pamoja, kwa maana mtu akiamua mbele ya wenzake ataona haya kutotenda. Lakini kampeni ile ilishughulika na magonjwa kama malaria, kuhara damu, safura na kichocho. Mawazo, hofu na huzuni hazikuwamo, na choo hakiwezi kuchimbwa kwa ajili yake. Kwa hiyo tunahitaji kuichukua mbinu ya kundi na kuipa chombo kingine.

Chombo hicho kilijaribiwa hapa hapa nchini. Mwaka 1982 na 1983, huko Malya katika Mkoa wa Mwanza, wasanii na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na wanakijiji kwa mtindo ulioitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa mezani. Walichunguza matatizo pamoja na wenyeji, wakayachambua, wakatunga kwa kutumia ngoma na masimulizi ya pale pale, wakacheza mbele ya kijiji, kisha watazamaji wakajadili. Miongoni mwa yaliyojitokeza ni suala la mimba za wasichana wadogo, jambo ambalo lisingesemwa katika mkutano wa kawaida wa kijiji, lakini likisemwa na mhusika wa mchezo halimvunjii mtu heshima. Naomba hilo lishikwe vizuri. Katika mbinu hii mjadala ndio somo, na mchezo ni wa kufungua vinywa. Mwanachuo anayeridhika na makofi, akafunga ngoma zake na kwenda nyumbani, ameacha somo katika utangulizi.

Sasa nieleze ningefanyaje juu ya kifafa. Tuseme mwanachuo yuko katika mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo karibu na Mkata, au Mombo, haidhuru ni wapi. Darasa la sita limetunga mchezo mfupi. Wanawake wanapika kwenye sherehe; msichana wa mwenye nyumba, aliyekuwa akibeba kuni, anaanguka karibu na meko na kuanza kutetemeka. Wote wanaruka nyuma. Mmoja anapiga kelele kwamba asiguswe, povu linamtoka. Mwingine anatafuta kijiko amtie mdomoni. Wa tatu anakimbilia maji amwagie. Hapo ngoma inakatika, na kiongozi wa mchezo anawageukia watazamaji: Mama zangu, baba zangu, mtoto yuko hapa, na moto uko pale, nani atafanya nini? Asijibu yeye. Angoje. Kimya kitakuwa kirefu na mwanachuo ataona haya, lakini angoje. Mtu akisema, aitwe uwanjani aonyeshe kwa mikono yake. Mbrazili Augusto Boal, ambaye kitabu chake juu ya uigizaji wa wanyonge kilitoka mwaka 1974, aliijengea hoja ndefu njia hii ya kumtoa mtazamaji kwenye kiti na kumfanya mtendaji. Ila kwa watu wetu, waliozoea mtambaji wa hadithi anayeitikiwa na wasikilizaji wake, haihitaji hoja ndefu.

Baada ya watu watatu au wanne kujaribu, tabibu wa zahanati, aliyealikwa mapema, anaingia kama mhusika mwingine wa mchezo, si kama mgeni rasmi. Anamwondoa mtoto karibu na moto, anasogeza kuni na mawe, anamlaza ubavu, anaweka nguo laini chini ya kichwa, hatii kitu chochote mdomoni, hamshikilii kwa nguvu, anatazama saa. Anasema kwamba mtetemeko ukipita dakika tano, au ukirudia kabla mgonjwa hajazinduka, mgonjwa apelekwe kwa matibabu bila kukawia. Anasema kwamba povu haliambukizi, na analifuta kwa kitambaa mbele ya macho ya watu wote. Kisha wale wanawake wa mchezo wanarudia tukio tangu mwanzo, safari hii kwa namna mpya, na watazamaji wanaotaka wanaingia kujaribu. Mtu aliyewahi kumgeuza mgonjwa wa kuigiza hatarudi nyuma kirahisi siku ya mgonjwa wa kweli. Mikono yake imekwisha kufanya.

Mtoto mwenye kifafa wa kijiji kile asichezeshwe, asitajwe, wala mhusika asifanane naye kwa jina, ukoo au mavazi. Hata mzazi wake akikubali, nashauri isifanyike.

Mchoro uje baada ya mchezo, sio kabla, kwa sababu mchoro ni kumbukumbu ya jambo ambalo watu wamekwisha kulijadili. Uchorwe wapi? Wengi watachagua ukuta wa ofisi ya kijiji au stendi ya basi kama ile ya Segera, wakidhani penye watu wengi ndipo penye wasomaji. Lakini abiria wa Segera anatafuta gari lake. Mimi ningechagua ukuta wa mashine ya kusaga, kwa ruhusa ya mwenyewe. Pale akina mama na wasichana huketi na kungoja zamu kwa muda mrefu, na juma lijalo watarudi. Mchoro unaonwa mara nyingi na watu wasio na haraka, ambao wakitazama huzungumza. Kisima cha bomba kinafaa pia.

Namna ya kuchora nayo ina elimu yake, ambayo sijaona ikipewa nafasi inayostahili katika vitabu vya mbinu. Husimuliwa kisa cha mabango ya malaria yaliyochorwa mbu mkubwa kama kuku, na wanakijiji wakashukuru kwa elimu, wakisema bahati nzuri kwao mbu ni wadogo. Iwe kilitokea au kilitungwa, kisa hicho kinasema kweli juu ya picha: kusoma picha ni jambo la kujifunza, kama kusoma maandishi. Andreas Fuglesang, Mnorwe mwingine, aliyefanya kazi ya elimu ya watu wazima nchini Zambia, aliandika sana juu ya suala hilo. Mkono uliokatwa na mpaka wa picha unaweza kuonekana kuwa mkono wa mtu aliyekatwa mkono. Mshale haumwambii neno mtu asiyefahamu kwamba mshale ni ishara. Mfululizo wa picha nne hausomwi kutoka kushoto kwenda kulia na mtu ambaye hajazoea kitabu. Kwa hiyo, badala ya kuzipanga picha kwa namba, chora njia: nyumba upande mmoja, zahanati upande mwingine, na njia inayogawanyika katikati, jua likiwa juu mwanzoni na mwezi ukiwa umetoka mwishoni. Kila mtu wa Handeni anafahamu njia. Kwa degedege mchoro huo unasema kila kitu, kwa maana watu wanaona kwamba mtoto aliyepita njia ndefu ndiye aliyefika usiku.

Mchoro ukiwa bado wa mkaa, kabla ya rangi, waitwe watu watatu wasiohusika na shule, mmoja mmoja, waulizwe: Unaona nini hapa? Asiulizwe mtu kama ameelewa. Kwa adabu yetu atajibu ndiyo. Yatakayosemwa na watu hao watatu ni mtihani wa mchoraji, na asipofaulu afute.

Rangi za dukani ni ghali. Udongo mwekundu wa kwetu upo, chokaa ipo, mkaa upo, na uji mzito wa unga wa muhogo hushikiza rangi kiasi cha kutosha kwa msimu mmoja. Masika yakija mchoro utafifia. Sihuzuniki kwa hilo. Ukuta ukisafishwa na mvua, darasa jipya litakuwa na kazi ya kuuliza upya kijiji kinasumbuliwa na nini mwaka huu, na kuchora jibu jipya. Ilhali mabango yaliyochapwa mjini, yenye watu wa mavazi yasiyojulikana kijijini, hudumu miaka kumi bila kusomwa na mtu.

Kuna mahali katika Wilaya ya Korogwe ambapo kila mwanachuo angepaswa kupafahamu. Lutindi, juu katika milima ya Usambara, Waprotestanti wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Na kuanzia mwaka 1904 mahali pale pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya mwanzo kabisa katika nchi hii. Sasa ni hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Kwa muda mrefu kazi za mikono na za shamba zimekuwa sehemu ya tiba pale. Ninaitaja kwa sababu mbili. Kwanza, jina la Lutindi hutumika mitaani kama tusi, mtoto humwambia mwenzake kwamba atapelekwa Lutindi. Na mwalimu anayesikia akanyamaza amefundisha somo. Pili, utaratibu wa Lutindi unakiri lile tunalolisema: kwamba mikono ikishughulika na kazi yenye maana akili hupata pa kushika. Mtoto anayefinyanga, anayechora ukuta na anayepiga ngoma ya selo au mdumange pamoja na wenzake hajifunzi juu ya afya ya akili tu. Wakati ule ule anaipata.

Na nje ya nchi? Nitaje mifano miwili tu. Katika Hospitali ya La Raza mjini Mexico, mchoraji Diego Rivera alimaliza mwaka 1953 mchoro mkubwa wa ukutani juu ya historia ya tiba ya nchi yake, akaweka tiba ya kale ya wenyeji na ya kisasa katika ukuta mmoja. Huko Philadelphia, Marekani, mpango wa michoro ya ukutani ulioanza mwaka 1984 ulikuja kushirikiana na idara ya afya ya akili ya mji, wagonjwa na majirani wakichora pamoja. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliotoa taarifa mwaka 2015 waliona kwamba unyanyapaa dhidi ya wenye matatizo ya akili ulipungua mitaani karibu na michoro hiyo. Natilia mkazo neno pamoja.

Mfano wa Rivera unanirudisha kwa mganga wa jadi. Katika michezo mingi ya shule niliyoitazama, mganga huyo ni kichekesho: amevaa manyoya, anadai kuku mweusi, anakimbia tabibu akitokea. Watoto hucheka, na waganga walio miongoni mwa watazamaji, pamoja na wateja wao ambao ni nusu ya uwanja, huondoka wamefunga masikio. Nayaona kuwa mafundisho mabaya, tena ya kivivu. Mganga hujua kusikiliza. Humpa mgonjwa nafasi ya kueleza kilichompata tangu mwanzo, pamoja na ugomvi wa shamba na kifo cha mwaka jana, na kwa ugonjwa wa mawazo hiyo si tiba ndogo. Kinachotakiwa ni yeye akubali kwamba mtoto mwenye homa na mtetemeko aanze zahanati. Mwalikeni katika mjadala kabla ya mchezo kutungwa. Wapo watakaokataa, wapo watakaokuja, na mmoja wao akisema neno hilo hadharani atakuwa amefanya kazi ya michoro mia.

Kwa wale wanaosema muda hautoshi, jibu langu ni fupi. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Mazungumzo ya mchezo ni somo la Kiswahili, mwili ni wa sayansi, kupima ukuta na kuugawa ni hisabati. Asiyekuwa na muda wa mambo hayo huenda hajatazama ratiba yake kwa makini.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Mchezo ukifaulu, mama mwenye mtoto wa kifafa aliyemficha miaka sita atamleta zahanati juma lile lile. Dawa ya kifafa ni ya kumezwa kila siku, kwa muda wa miaka, na mgonjwa akikatizwa ghafla anaweza kuwa katika hali mbaya kuliko alipoanza. Mama akitembea saa tatu na kukuta kabati tupu, hatarudi, na atawaeleza wenzake pale mashineni. Kwa sababu hiyo, kabla mwanachuo hajachanganya udongo na chokaa, aende zahanati aulize kama dawa ya kifafa ipo, hutolewa siku gani, inapokwisha huletwa baada ya muda gani, na ni tabibu yupi aliye tayari kusimama uwanjani na kufuta povu la kuigiza mbele ya watu. Dawa ikiwa haipatikani, aende na majibu hayo kwa mwenyekiti wa kijiji, na mchezo wa kwanza uwe juu ya kabati hilo.